Mizani ya Kariakoo

Kila wakutanapo watu watatu wapendao mpira wa miguu, mmoja aliyeishi miaka ya 1970, wa pili aliyekulia miaka ya 1990 na wa tatu kijana wa leo, swali huwa ni lile lile: nani mchezaji bora kuliko wote aliyepata kutoka Tanzania? Mzee humleta Abdallah Kibadeni, na ushahidi wake haukawii. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na matatu kati ya hayo yalikuwa ya Kibadeni. Mwenzake humkatiza kwa Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta katika zama ambazo Watanzania wengi hawakuwa wameiona kompyuta yenyewe, akafika hadi Uholanzi kuichezea Heracles. Hutajwa Peter Tino kwa bao la Ndola la mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars katika fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka uliofuata. Hutajwa Zamoyoni Mogella. Hutajwa Mohamed Hussein, maarufu kwa jina la Mmachinga. Kijana huwangoja wazee wachoke, kisha humweka mbele yao Mbwana Samatta: mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa waliokuwa wakicheza ndani ya Afrika, na mfungaji wa bao la Aston Villa dhidi ya Manchester City katika uwanja wa Wembley, tarehe 1 Machi 2020.

Majina hayo ni ya haki, na hakuna hata moja la kuondolewa. Kinachostahili kushtakiwa ni mizani. Swali linaloulizwa ni nani bora katika Tanzania nzima. Swali linalojibiwa ni nani bora miongoni mwa walioonekana kutoka Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam zilikoota mizizi Simba na Yanga. Baina ya maswali hayo mawili pana masafa kama ya kutoka Dar es Salaam hadi Ruangwa na Nachingwea, na wajuzi wa mjadala huu, kwa jinsi wanavyosema, wengi wao hawajapata kuyasafiri.

Wapo watakaojibu kwamba aliye bora hujitokeza mwenyewe, na wataitia nguvu hoja yao kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina hekima, ila inahitaji soko. Kizuri hujiuza pale wapitapo wanunuzi. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, safari ya Kusini kwa barabara ilitegemea kivuko na rehema ya mawingu. Masika yakishika, mikoa ya Lindi na Mtwara ilitengwa na nchi nzima. Nani alivuka matope hayo ili akamtazame kijana wa Nachingwea akicheza? Televisheni nayo, ambayo Zanzibar iliipata katika miaka ya 1970, Bara iliingojea hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo wachezaji wote wakubwa wa Bara wa miaka ya 1960, 1970 na 1980 ni watoto wa redio. Mamilioni waliwajua kwa masikio kabla ya kuwajua kwa macho, na kipaza sauti cha redio kilikuwa na makazi yake: Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao siku hizi huitwa Uwanja wa Uhuru. Mchezaji ambaye jina lake halikupita katika kipaza sauti kile, hata angekuwa na miguu ya ajabu namna gani, aliishia kwenye midomo ya kijiji chake.

Jina la Mmachinga lenyewe linatoa ushahidi. Magazeti humtaja mwenye jina hilo kwa mabao 26 ya msimu wa 1999, rekodi iliyowashinda wengi waliomfuata. Lakini machinga, kama isemwavyo na wengi, ni neno lililotoka Kusini, kwa vijana wa huko walioingia Dar es Salaam na kutembeza bidhaa mabegani. Basi Kusini imeingia katika orodha ya mabingwa kwa lakabu, tena lakabu ya mtu anayejitembeza. Methali imepinduka: kizuri cha Kusini kililazimika kutembezwa.

Wasomaji wa mashairi hawana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa anahesabiwa miongoni mwa malenga wakuu wa karne ya 19, na hakuna wa kumnyang'anya cheo hicho. Hata hivyo tungo zake zimesalia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzieleza, na W. E. Taylor akaziandika na kuzihifadhi, hata zikapigwa chapa mwaka 1940, karibu miaka 100 baada ya kufa kwake. Je, Mombasa ya siku zile ilikuwa na mshairi mmoja tu? Walikuwapo waliojibizana naye, na jibizano halifanywi na mtu mmoja. Wale ambao hawakumpata Sikujua wao walizikwa na tungo zao. Mhakiki mwenye adabu husema kwamba Muyaka ni mkuu miongoni mwa waliohifadhiwa. Adabu hiyo ndiyo iliyokosekana katika mjadala wa mpira.

Tena historia ina kejeli yake. Kariakoo ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi mahali pale. Mwaka 1917 vita hivyo vilihamia bara ya Lindi, na mwezi Julai mwaka ule palipiganwa vita vikali Narung'ombe, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Ruangwa. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu, wala majina yao hayakuandikwa kama yalivyoandikwa ya maofisa. Mtaa unaogawa umaarufu wa mpira leo unaitwa kwa jina la watu walioachwa bila majina, na baadhi ya wenzao walilala katika udongo ule ule ambao vijana wake hawatajwi. Ilifika hadi mji wa Lindi wenyewe ukawa na klabu iliyojiita Kariakoo, kana kwamba mchezaji wa huko hawezi kuaminiwa mpaka avae jina la mtaa wa mbali.

Nachingwea nayo imekwisha kuhukumiwa kutoka mbali zaidi ya mara moja. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza waliikagua Tanganyika kwa ajili ya mradi wa karanga, na sehemu kubwa ya ukaguzi wao ilifanywa kutoka kwenye ndege. Kutoka angani nchi ilionekana tupu na tayari kwa kilimo. Ndipo zikachaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, fedha zikamwagwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Wenyeji waliokuwa wakiijua mvua na udongo hawakuwa sehemu ya hesabu. Kosa la wakaguzi wale halikuwa uhaba wa akili. Walikuwa wasomi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kinachoonekana kutoka juu ndicho kilichopo chini. Mtu anayeketi Dar es Salaam akatoa orodha ya wachezaji 10 bora wa nusu karne ya taifa zima anarusha ndege ile ile.

Baada ya karanga, Nachingwea ikawapokea wapiganaji wa Frelimo. Katika miaka ya 1960 kambi yao ilikuwa hapo, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliowafunza. Mwaka 1966, vijana wa Msumbiji walipokuwa wakijifunza silaha Nachingwea ili wamtoe Mreno, kijana mwingine wa Msumbiji, Eusébio, aliyezaliwa Lourenço Marques mwaka 1942, alikuwa Uingereza akifunga mabao 9 katika Kombe la Dunia kwa jina la Ureno. Dunia ikamwandika Mreno. Kipaji kilikuwa cha Lourenço Marques, kalamu ilikuwa ya Lisbon. Ubora wa mtu ni wa miguu yake, lakini sifa ya ubora huo humwendea mwenye daftari, na mwenye daftari huandika anayoyataka. Lisilostahimilika kwa Mreno halifai kuwa desturi baina ya ndugu wa nchi moja.

Hapa mtetezi wa Kariakoo huinua kidole na kuitaja Namungo. Anasema: Ruangwa imepata timu, timu imepanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, dhulma iko wapi? Jibu ni kwamba Namungo inaithibitisha dhulma badala ya kuikanusha. Katika msimu wake wa kwanza timu hiyo ilimaliza ya 4. Tarehe 2 Agosti 2020, mjini Sumbawanga, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Na miongoni mwa waliowafunga alikuwamo Luis Miquissone, mtoto wa Msumbiji, safari hii akiitwa kwa jina la nchi yake. Kwa kuwa Simba ilikuwa imetwaa pia ubingwa wa ligi, Namungo ikaiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafika hatua ya makundi na kukutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Ilishindwa huko, lakini ilifika. Mji ambao jana ulijulikana kwa ufuta na korosho ukasikika hadi Morocco na Misri.

Ni nini kilichobadilika? Vijana wa Ruangwa hawakuota miguu mipya mwaka 2019. Kilichobadilika ni kwamba Waziri Mkuu wa nchi kuanzia 2015 hadi 2025, Kassim Majaliwa, alikuwa mwana wa Ruangwa na mbunge wake, na uwanja wa mji ukabeba jina lake. Kamera zikafika, kipaza sauti kikafika. Ikiwa wilaya yahitaji kumzaa Waziri Mkuu ndipo mpira wake uonekane, wilaya jirani ya Nachingwea ingoje nini? Na ieleweke pia kwamba wachezaji wengi wa Namungo waliletwa kutoka mikoa mingine na nchi jirani. Hilo si aibu, kwani ndivyo zilivyo timu zote za Ligi Kuu. Lakini maana yake ni kwamba hata baada ya uwanja kupatikana, kijana anayecheza chandimu kwenye vumbi jekundu la kijijini, na ndondo ya kugombea mbuzi baada ya mavuno, bado yuko nje ya lango akichungulia.

Visiwa navyo vinaujua uchungu huu. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda. Ni nani kati ya mabingwa wale anayetajwa orodha za wachezaji bora zinapopangwa Dar es Salaam? Mwaka 2017 Zanzibar ilifika tena fainali, ikashindwa na Kenya kwa penalti. Yakatajwa majina kwa majuma machache, kisha yakafutika. Basi Mzanzibari anayeshiriki mjadala huu kwa mizani ya Kariakoo anajipunja mwenyewe kwa mkono wake.

Litaulizwa swali la mwisho, nalo ni la haki: je, taji apewe mtu asiyejulikana? Hasha. Kumvika taji asiye na jina ni upuuzi, na kumshusha Kibadeni ili apandishwe mzuka ni upuuzi zaidi. Linalodaiwa ni mambo mawili. La kwanza ni unyofu wa lugha: anayetoa orodha aseme kwamba ni orodha ya walioonekana, kama mhariri wa diwani anavyosema kwamba hizi ni tungo zilizopatikana. La pili ni kazi. Kila wilaya ina chama chake cha mpira, na mahali fulani kuna madaftari ya matokeo, barua, picha za timu za mashindano ya mikoa, jezi zilizochakaa. Wapo wazee wa Nachingwea na Ruangwa wanaokumbuka nani alifunga, kwa mguu gani, siku gani, na nani aliitwa Dar es Salaam akakosa nauli. Kazi ya Mwalimu Sikujua haikuhitaji wizara. Ilihitaji mtu mmoja mwenye kalamu, aliyeketi akasikiliza kabla mauti hayajatangulia.

Korosho ya Kusini kwa miaka mingi imesafirishwa ghafi, ikabanguliwa India na Vietnam, ikauzwa duniani katika mifuko isiyotaja ilikotoka. Wananchi hulalamika, na wana haki ya kulalamika. Ajabu ni kwamba wanaolalamikia korosho ndio hao hao wanaokubali wachezaji wafanyiwe vivyo hivyo, na wale wasiofika sokoni wahesabiwe kuwa hawakupata kuota. Atakayesimama tena barazani kumtangaza mchezaji bora wa Tanzania na aulizwe kwanza alikuwa amesimama wapi alipokuwa akitazama. Kama jibu lake ni Kariakoo, asikilizwe kwa heshima, na hukumu ingojee mashahidi wa Kusini.