Daftari Dogo Nalo Lataka Adabu



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Neno hili lilisemwa kabla ya kompyuta kuzaliwa, na hata leo halijachakaa. Msimu wa karafuu wakaribia, na katika mikutano ya matawi tumesikia rai mbili zinazogombana. Wenzetu wengine wasema tuziweke kando simu na kompyuta za mizani, turudi kwenye buku la karatasi peke yake, kwani kompyuta "hula kilo." Wengine wasema buku la karatasi litupwe, limekwisha pitwa na wakati. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya jambo, na hapa tutaeleza sababu zetu.

Kwanza tufahamiane tunazungumza khabari ya kitu gani. Programu nyingi ndogo za kuandikia uzani, ujira wa wachumaji na akiba za vikundi huweka maandishi yake katika kanzidata ndogo iliyo ndani ya programu yenyewe. Iliyo mashuhuri katika hizo yaitwa SQLite. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, alipokuwa akiandika programu kwa ajili ya manowari ya Marekani. Programu ile ilitegemea kanzidata kubwa yenye mtambo wake wa kuihudumia, na mtambo ukizimika kazi nayo husimama. Yeye akataka kanzidata isiyohitaji mhudumu: faili moja tu, ambayo programu huifungua kama karani afunguavyo buku lake. Akaitoa bure kwa watu wote, wala hakujiwekea haki ya kuimiliki. Leo imo ndani ya simu zote za Android na iPhone. Basi mwanachama mwenye simu ya namna hiyo anayo mfukoni, ajue asijue.

Kitu kidogo namna hii si kibovu. Lakini kila chombo kina adabu yake, na anayekitumia bila kuijua adabu hiyo hukisingizia chombo.

Baadhi yetu tulipata nafasi ya kwenda bara, tukashuka uwanja wa ndege wa Arusha ulioko Kisongo, magharibi ya mji, mahali ambapo Mlima Meru huonekana wote pindi mawingu yakiondoka. Huko tulikaribishwa na kikundi cha wakulima wa mahindi na maharage, wanaoweka mazao ghala moja na kukopeshana fedha. Hawana mkarafuu hata mmoja, lakini mashaka yao ni ndugu wa mashaka yetu. Tuliketi na karani wao siku nzima, na yale tuliyoyaona twayaeleza kwa faida ya makarani wetu na wanachama wote.

Shida ya kwanza ni kufuli. Karani anaandika uzani, mara kompyuta yamwambia kwamba kanzidata imefungwa. Watu hudhani imeharibika, wakazima kompyuta kwa nguvu. La, haikuharibika. Sharti la kanzidata hii ni kwamba wasomaji wengi waweza kusoma pamoja, lakini mwandishi ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Pale Kisongo mweka hazina alikuwa amefungua faili lile lile kwa programu nyingine, akaanza kusahihisha deni, kisha akaenda kunywa chai bila kumaliza. Dawa yake ni kumaliza au kufunga kazi iliyoachwa wazi. Na mtengenezaji wa programu aombwe aiamuru isubiri sekunde chache, tano kwa mfano, kabla ya kulalamika. Maana kufuli nyingi huchukua chini ya sekunde moja. Tangu mwaka 2010 iko pia namna ya kuandika kwanza katika faili la pembeni, ili wasomaji wasimzuie mwandishi, wala yeye asiwazuie.

Shida ya pili yatoka katika faili hilo la pembeni. Karibu na faili kubwa huonekana mara nyingine faili jingine lenye jina lile lile, likiishia na -wal au -journal. Mtu mpenda usafi huliona takataka akalifuta. Hapo ndipo mali ilipo! La -wal laweza kuwa na maandishi yaliyokwisha kubaliwa ila hayajahamishiwa katika faili kubwa. La -journal, umeme ukikatika katikati ya kazi, ndilo linaloiwezesha kanzidata kurudi katika hali yake ya salama. Ukilifuta, umeichana kurasa. Kisongo hawakulifuta, bali walifanya jambo la jamaa yake: walinakili faili kubwa peke yake kwa flashi huku programu iko wazi, wakapeleka nakala ile katika kompyuta mpya. Mama mmoja mjane akaambiwa kwamba magunia yake sita ya maharage hayajulikani, na kwa hiyo mkopo wa ada za watoto hapati. Kilichomwokoa ni kipande cha karatasi alichopewa mizanini, amekifunga katika pindo la kanga. Kompyuta ya zamani ilipofunguliwa, magunia yote sita yalikuwamo.

Wanaotaka kutupa karatasi wamfikirie mama huyu. Na wanaotaka kutupa kompyuta wakumbuke kwamba kompyuta haikula gunia hata moja. Aliyeyaacha nyuma ni mnakili.

Shida ya tatu ni buku tupu. Programu yafunguka, lakini hakuna jina wala kilo. Moyo hushtuka. Mara nyingi jambo lenyewe ni hili: programu imetazama folda isiyo yake, haikulikuta faili, ikaunda jipya lisilo na kitu. Kanzidata hizi ndivyo zilivyo, zisipokatazwa. Basi usianze kuandika upya. Tafuta kwanza faili la zamani liko wapi, na tazama ukubwa wake.

Shida ya nne ni ya hesabu, nayo ndiyo inayotutia hofu zaidi kwa sababu haipigi kelele. SQLite kwa tabia yake hukubali maneno mahali pa tarakimu. Karani akiandika "arobaini" badala ya 40, hupokelewa bila ugomvi, lakini jumla ikipigwa neno hilo huhesabiwa sifuri. Mkulima mwenye kilo 40 za karafuu kavu atakuwa hana kitu, na hapana taa nyekundu itakayowaka. Tangu mwaka 2021 mtengenezaji aweza kuziwekea jedwali sharti kali la kukataa kisicho tarakimu. Tumtake afanye hivyo.

Shida ya tano ni faili kuharibika kweli kweli: umeme umekatika na diski ni mbovu, au flashi imechomolewa kabla ya wakati, au faili limewekwa katika folda ya mtandao ambamo kompyuta mbili huandika na kufuli hazishiki. Hapo usitibu faili lenyewe. Nakili kwanza kila kitu, pamoja na mafaili ya pembeni, kisha fanya kazi katika nakala. Iko amri ya ukaguzi iitwayo integrity_check, ambayo faili likiwa zima hujibu neno moja tu, ok. Likiwa gonjwa, amri ya .recover yaweza kuokoa yaliyosalia. Yaliyopotea hayarudi ila kwa nakala ya akiba au kwa karatasi.

Kwa hayo twatoa rai yetu kwa mkutano mkuu. Kila kituo kiwe na faili moja na mwandishi mmoja, wala faili lisiwekwe katika folda ya mtandao. Kila jioni karani atoe nakala kwa amri ya .backup, au afunge programu vizuri kwanza ndipo anakili. Nakala ziwe mbili, moja ilale nje ya kituo, na kila wiki ifunguliwe na kukaguliwa, maana nakala isiyowahi kufunguliwa ni tumaini tu. Buku la karatasi lidumu, na jumla ya buku na jumla ya kompyuta zilinganishwe kabla ya mizani kufungwa. Na kila mwanachama apewe kipande chake, akisome papo hapo.

Tunajua makarani watasema kazi imeongezeka. Ni kweli. Lakini robo saa ya jioni ni nyepesi kuliko wiki nzima ya kugombana na mtu aliyekesha akilinda majamvi yake yasipigwe na mvua. Mchumaji aliyepanda mkarafuu mrefu hali ya hewa ikiwa mbaya hamuulizi karani khabari ya faili la pembeni; amuuliza ujira wake. Na mwenye shamba aliyekopa kwa kutegemea mavuno hana pa kupeleka udhuru wa umeme.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matawi yajadili rai hii mapema, na yatuletee majibu kwa maandishi kabla karafuu za kwanza hazijaanikwa. Asiyekubaliana nasi naye alete hoja zake. Ukurasa huu ni wake kama ulivyo wetu.

Katibu