Kuwashwa kwa Kompyuta: Somo la Makabidhiano

Katika somo la kompyuta ni nadra kuikuta mada ifundishwayo kwa haraka kama hii ya kuwashwa kwa mashine. Aghalabu mwalimu huandika ubaoni sentensi moja, kwamba BIOS huikagua mashine na kisha huupakia mfumo wa uendeshaji katika kumbukumbu. Wanafunzi huinakili, huikariri, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Kwa maoni yangu sentensi hiyo, ingawa si ya uongo, haimfundishi mtu kitu. Mada hii yastahili vipindi viwili au vitatu kamili, nayo yafaa ifundishwe kwa njia ya makabidhiano.

Hasara ya mtindo tulio nao huonekana siku mashine inapogoma. Kioo huonyesha ujumbe kwamba mfumo wa uendeshaji haukupatikana. Mwanafunzi aliyekariri husema kompyuta imekufa. Na katika shule yenye kompyuta chache, mashine nzima huenda ikapelekwa stoo ikajaa vumbi. Kumbe ujumbe wenyewe ni ushahidi wa uzima: prosesa inafanya kazi, kioo kinafanya kazi, na programu ya awali imefika mwisho wa zamu yake. Alichokosekana ni mpokeaji. Pengine waya wa diski umelegea, au flashi isiyo na mfumo wowote imesahauliwa katika tundu lake. Mwanafunzi anayejua ni nani alikuwa akimkabidhi nani ataanza kutafuta mahali panapostahili.

Napendekeza somo lianze kwa swali, wala lisianze kwa tafsiri ya maneno. Mwalimu aulize: programu haiwezi kutenda kazi mpaka iwe katika kumbukumbu, haiingii katika kumbukumbu mpaka iletwe na programu nyingine, basi ya kwanza iliingizwa na nani? Wanafunzi waachwe wabishane. Fumbo hili ni ndugu wa lile la kuku na yai, ila hili lina jibu. Ya kwanza haikuingizwa na yeyote: imeandikwa ndani ya chipu isiyosahau umeme unapokatika, na prosesa imeundwa iitazame mahali hapo hapo kila inapoamka. Katika IBM PC ya mwaka 1981, prosesa ya 8088 ilianza kazi katika anwani iliyo baiti 16 tu chini ya kilele cha megabaiti 1. Baiti 16 hazitoshi kwa kazi yoyote ya maana. Zatosha kuweka agizo moja la kuruka kwenda mahali penye programu yenyewe.

Kutoka hapo, katika kila hatua, wanafunzi wajibu maswali matatu: Nani ameshika madaraka sasa? Anajua nini? Anamkabidhi nani, na kwa sharti gani?

Tuchukue BIOS na diski ngumu. BIOS haijui mafaili, wala haijui Windows ni nini au Linux ni nini. Inachojua ni kusoma kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512, kukiweka katika kumbukumbu kwenye anwani 31,744, kutazama kama baiti zake mbili za mwisho zina alama iliyokubaliwa, na kuruka kwenda hapo. Katika baiti hizo 512, 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la sehemu nne za diski, na 2 ni za alama. Hapa mwalimu hahitaji kompyuta hata moja. Wanafunzi wachore miraba 32 kwenda chini na 16 kwenda kando, wapake rangi tatu, na wajionee jinsi nafasi ilivyo finyu. Atakayeiona finyu hiyo ataelewa bila kuambiwa kwa nini programu hiyo haiwezi kuupakia mfumo mzima, bali hulisoma jedwali, huitafuta sehemu iliyotiwa alama ya kuwashia, na kuipisha programu nyingine.

Wako walimu watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi za leo hutumia UEFI, utaratibu ambao jumuiya ya kuusimamia iliundwa mwaka 2005. Huu waweza kusoma mafaili: hutafuta programu ya kupakia katika sehemu maalumu ya diski, huiita, na hata huweza kujaribu nyingine iwapo programu hiyo itashindwa na kurejesha madaraka. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo napendekeza BIOS itangulie. Iliyo ndogo huhesabika kwa vidole. Na aliyekwisha kuona udhaifu wa baiti 512 ataipokea UEFI kama jibu la shida aliyoijua, wala si kama orodha nyingine ya kukariri.

Tena UEFI ndiyo yenye funzo zuri zaidi kuhusu makabidhiano yenyewe. Kupakiwa si kukabidhiwa. Mfumo wa uendeshaji waweza kuwa tayari katika kumbukumbu, na bado madaraka yakawa ya UEFI. Kwanza programu ya kupakia huomba ramani ya kumbukumbu: sehemu ipi imeshikwa na ipi ni huru. Hupewa ramani pamoja na namba yake. Kisha huomba huduma za kuwashia zifungwe, na hutakiwa kuionyesha namba ile. Kama ramani imebadilika tangu ilipotolewa, ombi hukataliwa, na hapana budi ramani iombwe upya.

Mwalimu gani hayajui haya? Mtunza stoo anapomkabidhi mwenzake, leja huhesabiwa mbele ya wote wawili. Ikiwa baada ya kuhesabu mtu ametoa madaftari kumi, saini haiwekwi, huhesabiwa tena. Igizo hili lafaa sana darasani: mwanafunzi mmoja awe mtunza stoo, wa pili awe mpokeaji, na wa tatu apewe ruhusa ya kuchukua chaki kwa siri kabla ya saini. Darasa litacheka, na namba ya ramani haitasahauliwa.

Hata hivyo mfano usiachwe uende mbali kuliko unapofika. Mtunza stoo wa zamani twaweza kumfuata ofisini kumwuliza ufunguo ulipo. Huduma za kuwashia zikishafungwa hazipo tena: mfumo mpya hauwezi kuziomba ziusomee faili wala ziugawie kumbukumbu. Zilizobaki ni chache, kama vile kusoma saa na kuizima mashine. Zamani haikuwa hivyo. DOS iliendelea kuiomba BIOS iisomee diski muda wote wa kazi. Tofauti hiyo mwalimu aitamke waziwazi, maana mfano usiowekewa mpaka humpotosha mwanafunzi kuliko kutokuwa na mfano kabisa.

Nakiri kwamba vipindi vitatu ni vingi kwa muhtasari uliojaa. Lakini hebu tupime. Mada hii moja humwonyesha mwanafunzi prosesa, kumbukumbu, diski na programu zikishirikiana, vitu ambavyo kwa kawaida twavifundisha kimoja kimoja kama vyombo vilivyopangwa rafuni. Zaidi ya hayo, humzoeza kukiuliza chombo kilichogoma kimefika hatua gani, badala ya kukitangaza kimekufa. Mazoea hayo yatamfaa mbele ya pampu ya maji na pikipiki kama yatakavyomfaa mbele ya kompyuta. Walimu wenzangu, na tujaribu, kisha tulinganishe majibu ya wanafunzi wetu, si katika mtihani wa karatasi peke yake, bali mbele ya mashine iliyokataa kuwaka.