Kelele za Wateja Si Hasara, Bali ni Onyo
Kampuni ya Take-Two ya Marekani imeuza mchezo wa video wa Grand Theft Auto V kwa vizazi vitatu vya mashine: 2013, 2014 na 2022. Toleo la tatu lilipotangazwa, mashabiki walilalamika kuwa wanauziwa mali ileile. Hata hivyo, nakala zilizouzwa zimepita milioni 200.

Mwenye hisa asilewe takwimu hiyo. Novemba 2021 kampuni yake tanzu, Rockstar, ilitoa upya michezo mitatu ya zamani ikiwa na kasoro tele, ikalazimika kuomba radhi. Bidhaa kongwe huingiza fedha kwa gharama ndogo, lakini uvumilivu wa mteja nao ni mtaji, na hauandikwi kwenye mizania. Anayenunua hisa apime yote mawili.