Mtoto wa miaka mitatu na usaili wa darasa la vidudu

Mojawapo ya mambo yasiyozungumzwa waziwazi katika vikao vyetu, ingawa hakuna mtumishi wa umma asiyeyajua, ni kinyang'anyiro cha kuwatafutia watoto wadogo nafasi katika shule za kulipia. Ukikaa mjini Same miezi ya mwisho wa mwaka utaziona dalili zake. Mwalimu huomba ruhusa ya nusu siku, karani hukopa kwa mwenzake, na mama humshika mkono mtoto aliyevalishwa soksi nyeupe mpaka magotini, wakakatiza katika vumbi na ule upepo wa Same usiomhurumia mtu. Hawaendi hospitali. Wanakwenda kwenye usaili, na anayesailiwa ana umri wa miaka mitatu.

Nayasema haya bila kujitoa katika kundi hilo. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulimpeleka binti yetu katika mojawapo ya shule hizo. Tulinunua fomu, tukaelezwa kwamba fedha ya fomu hairudishwi. Mwalimu kijana, mwenye adabu nyingi, alimwonyesha mtoto kadi za rangi na kumwuliza kwa Kiingereza ni rangi gani. Binti yetu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake mafupi ameipitisha kwa bibi yake huko milimani Mamba, aliitazama kadi ya kwanza akajibu, "Ndizi mbivu." Ya pili akasema ni majani ya tangawizi. Ya tatu hakuijibu. Aliuliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani. Tukaambiwa kwamba hajawa tayari, na kwamba kama tunapenda, lipo darasa la kuwatayarisha watoto kwa usaili, nalo lina ada yake.

Nakiri kwamba niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kumwonea haya mtoto. Nilirudi nyumbani nimenuna kwa sababu hakujua majina ya rangi katika lugha ambayo mimi mwenyewe nilianza kuisoma nikiwa na umri wa miaka kumi. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba mtoto yule alijibu sawasawa maswali yote mawili aliyoyajibu.

Yafaa basi tujiulize, huyu tunayemsaili ni nani kwa mujibu wa taratibu za nchi yetu? Elimu ya awali iliingizwa katika mfumo rasmi na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na kwa taratibu za leo ni ya mwaka mmoja, kwa mtoto wa miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu si mwanafunzi. Mahali pake, kama wazazi wake wako kazini, ni kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho husimamiwa na wenzetu wa ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua programu nzima ya Taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, nayo husisitiza lishe, afya, ulinzi, uchangamshi na michezo. Sijapata kusikia mahali popote katika taratibu hizo panapotaka mtoto wa miaka mitatu ashindwe mtihani.

Tena tumekwenda mbali zaidi ya usaili. Wapo miongoni mwetu waliowapeleka watoto wa miaka minne na mitano kulala bweni, mbali na mama zao, ili mradi shule ionekane kuwa ni ya maana. Hali hiyo ilifikia mahali ambapo mwezi Machi 2023 Kamishna wa Elimu alilazimika kutoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nakumbuka manung'uniko yaliyofuata. Waliolalamika kwa sauti kubwa kabisa walikuwa ni wazazi, na wengi wao ni watu wenye shahada. Serikali ilikuwa inawakumbusha kulala nyumba moja na watoto wao, nao wakaona wameonewa.

Nchi ya Upare haikuanza jana kuipenda shule. Wamisionari wa Kisabato walifungua kituo Mamba mwaka 1903, na Walutheri nao wakawa na vituo vyao, kama Shighatini na Mbaga. Kutoka hapo shule ikawa ni jambo la kijiji kizima. Mbiu ya msaragambo ilipopigwa, mwenye mtoto na asiye na mtoto walitoka, wakabeba mawe na mchanga kichwani kuupanda mlima, kama vile walivyotoka kuchimba mifereji na kuzibua ndiva ili maji yafike mashambani. Hakuna aliyeuliza darasa hilo litakuwa la mtoto wa nani. Baadaye Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika chini ya Serikali, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameingia darasa la kwanza. Makosa yalikuwapo, tena mengi. Walimu walitayarishwa haraka haraka, madarasa yalifurika, vitabu vilikuwa haba. Wengi wetu tuliokuja baadaye tulifundishwa na walimu waliotokana na mpango ule, na hatukutoka mikono mitupu.

Mkosoaji ataniambia kwamba hata enzi hizo watu wa Kilimanjaro na Upare walikuwa na shule zao, na kwamba katika miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa na sekondari za binafsi nyingi kuliko za Serikali. Ni kweli kabisa. Lakini sekondari zile zilijengwa kwa sababu nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na waliozijenga ni wananchi, makanisa na Jumuiya ya Wazazi. Mtoto aliyeingia huko alikuwa amekwisha kukaa miaka saba dawati moja na mtoto wa jirani yake, mtoto wa mganga wa zahanati pamoja na mtoto wa mkulima wa mahindi. Tunachokifanya leo ni kuwatenganisha watoto hao kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Sipendi kuwafanya wazazi wenzangu kuwa wajinga, maana hofu yao ina msingi. Masomo ya sekondari yaendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na kila mmoja wetu amemwona mtoto hodari aliyefika kidato cha kwanza akawa bubu kwa mwaka mzima. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umekirudisha Kiingereza katika darasa la kwanza, na hilo ni jema, lakini somo bila mwalimu anayelimudu ni maandishi kwenye ratiba tu. Vilevile darasa la awali katika shule nyingi za umma halivutii. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Huko milimani nimeingia katika darasa lenye watoto zaidi ya sitini, mwalimu mmoja wa kujitolea, na mikeka miwili. Wengine waliketi juu ya sakafu ya saruji asubuhi ya mwezi Julai, na anayeijua baridi ya Julai katika milima ile hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini hebu tuulizane kwa nini mikeka ni miwili. Tangu Januari 2016 shule za umma, kuanzia awali hadi kidato cha nne, hazitozi ada, na watoto wameitika kwa wingi kuliko vyumba. Serikali imejenga, katika vyumba 15,000 vilivyotokana na mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 wa mwaka 2021, vyumba 3,000 vilikwenda kwenye vituo shikizi, yaani pale hasa ambapo mtoto mdogo hawezi kutembea hadi shule mama. Chumba ni jambo moja. Anayekiangalia chumba hicho baada ya kuzinduliwa ni jambo jingine. Katika kikao cha wazazi anahitajika mtu anayejua kusoma taarifa ya mapato na matumizi, anayeweza kuuliza bila kutetemeka fedha ya ruzuku imefanya nini, anayejua barua ya kuomba mwalimu wa awali huandikwa kwa nani na kupitia kwa nani. Mtu huyo ni wewe, ndugu mwalimu, ndugu afisa, na mimi. Lakini hatumo kikaoni, kwa sababu mtoto wetu hayumo darasani. Alfajiri basi la njano limekwisha kumchukua, naye asinzia dirishani.

Liko jambo la kustaajabisha hapa. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kwa maelfu kutoka milimani hadi bomani Same kuikataa mbiru, kodi iliyokadiria mali ya kila mtu pasipo mwenyewe kuelewa imekadiriwaje. Sisi wajukuu wao tunapanga foleni katika mji ule ule kuilipa mbiru tuliyojitungia wenyewe: ya fomu, ya usaili, ya sare ya michezo, ya mahafali ya mtoto wa miaka sita anayevishwa joho. Na hatuulizi imekadiriwaje.

Sidai shule za kulipia zifungwe. Zina kibali, zimeajiri walimu wengi, na baadhi zinafanya kazi nzuri. Ninachodai ni kwamba wakaguzi, ambao leo huitwa wathibiti ubora, waupige marufuku usaili wa watoto walio chini ya miaka mitano, pamoja na fedha ya fomu isiyorudishwa. Nadai pia kwamba sisi tunaolipwa mishahara na umma tupige hesabu zetu hadharani. Ada niliyotajiwa kwa mwaka ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Utaratibu wa elimu bila ada haukukataza mchango wa hiari uliokubaliwa kikaoni na kusimamiwa vizuri. Watumishi kumi wa kata moja, kila mmoja akitoa hata sehemu ya kumi ya ada hiyo, wangemaliza suala la mikeka kwa muhula mmoja na kubakiza fedha za unga wa uji.

Januari ijayo binti yetu atakuwa na miaka mitano. Nimekwisha kumwandikisha katika darasa la awali la shule ya msingi ya umma, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Bibi yake amefurahi. Mwenzangu bado hajaridhika, na ile fomu ameihifadhi kabatini. Katika kikao cha wazazi cha mwezi uliopita watumishi wa umma tulikuwa wawili tu, mimi na muuguzi mmoja wa kituo cha afya. Mwenyekiti aliposoma ajenda ya tatu, iliyohusu mikeka, alituangalia sisi wawili.