Mwacheni Bayi Atangulie

Eti Filbert Bayi angetulia, dhahabu ya Moscow ingekuwa yetu! Maneno haya nimeyachoka. Toka Mbamba Bay mpaka huku Liparamba, penye wazee wawili na redio lazima utayasikia. Na sasa yametuhamia sisi tunaojaribu kuandika. Peleka hadithi yenye kasi, mhariri anakwambia: "Punguza mwendo kijana, utaishia kama Bayi." Kuishia kama Bayi! Jamani, huo ni mkosi?

Mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji asili yake ni farasi. Huko Ireland na Uingereza wapanda farasi walishindana kuruka kuta na mifereji kuelekea mnara wa kanisa ulioonekana kwa mbali. Farasi kijana, mwenye kipaji na kichwa kigumu, huvuta lijamu anataka mbele tu, na mpandaji hukaza hatamu ili zibaki nguvu za mwisho. Wazee wetu wanamtazama Bayi kwa jicho hilo hilo. Wanasahau kwamba yeye hakuwa na mtu mgongoni. Kichwa kile kigumu ndicho kilichokuwa kikipiga hesabu.

Tukumbushane Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Kijana wa Karatu, miaka 20, alishika uongozi mapema na hakuna aliyempita. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka mwisho, naye akamaliza chini ya rekodi ya dunia ya zamani, na bado akawa wa pili! Bayi: dakika 3, sekunde 32.16. Siku ile mbona hamkusema apunguze mwendo? Mwaka 1975, kule Kingston, akachukua na rekodi ya maili. Montreal 1976 hakukimbia. Afrika ilisusa kwa ajili ya timu ya raga ya New Zealand iliyokwenda kucheza kwa makaburu. Walker akajichukulia dhahabu.

Ndipo ikaja Moscow, 1980. Viunzi 28, maji mara 7. Bayi akachomoka, akawaacha mbali. Mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akamkamata. Huyo hakuwa mtu wa kuokota, alikuwa na fedha ya mbio hizo hizo toka 1976. Tofauti haikufika sekunde 3. Fedha ile ya Bayi, na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 katika michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Haya, nyie wa hatamu, zaidi ya miaka 40 ya kutulia imetuletea ngapi?

Wakenya wameshinda mbio hizi za wanaume katika kila Olimpiki waliyohudhuria toka 1968 hadi 2016. Kwani vijana wao ni wapole kuliko wetu? Aa wapi! Wanao wengi, na wanaachwa waruke. Huku kwetu mtoto anaruka mifereji akitoka shambani, halafu tunamwonya asiwe mbishi kabla hajaona hata kiunzi kimoja.

Mhariri, hadithi yangu nakurudishia wiki ijayo. Sijapunguza kitu.