Mabingwa Wapatikane Uwanjani, Siyo Hotelini

Kila kombe la kambini likikaribia, inarudi hoja ileile: eti timu zichaguliwe na kamati, maana kamati ndiyo inayojua nani mzuri. Wengine wanaongeza kwamba hata Marekani wanafanya hivyo. Kweli wanafanya. Basi tuangalie wamevuna nini.

Kule vyuo vikuu vina mpira wao, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Kuanzia msimu wa 2014 hadi wa 2023, timu nne tu ndizo zilizoingia kwenye mchujo wa ubingwa. Nani aingie? Watu 13 walikuwa wanakaa hotelini huko Grapevine, Texas, wanapiga kura.

Desemba 2023 Florida State walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote 13. Mabingwa wa ligi yao. Wakaachwa nje! Nafasi ya nne wakapewa Alabama, waliokuwa wamepoteza mechi moja. Sababu? Jordan Travis, mrusha mipira na kiongozi wa mashambulizi wa Florida State, alikuwa ameumia mguu vibaya mwezi Novemba, kamati ikaona timu haitakuwa ileile. Jamani, bila yeye walishinda mechi mbili zilizofuata! Mtanijibu kwamba baadaye Georgia waliwapiga 63–3. Ndiyo, ila wachezaji wao wengi walikuwa wameshajitoa. Ubingwa umeshawaponyoka, waumie kwa ajili ya nini?

Sisi tunaijua hali hiyo. Tumezoea faili zetu kusomwa na watu tusiowaona, halafu tunasubiri majina ubaoni. Kwenye misaada pengine hakuna njia nyingine, kwa sababu nafasi ni chache na shida ya mtu haihesabiki kama magoli. Lakini mpira una magoli! Ni sehemu moja ambapo kijana wetu anaweza kupimwa kwa alichofanya mbele ya watu wote. Na hapo napo mnataka kuweka kamati?

Msimu wa 2024 Wamarekani walipanua mlango: timu 12, na nafasi tano zikawekewa mabingwa wa ligi. Ohio State walikuwa wa sita kwenye orodha ya kamati. Kwa hesabu ya zamani wangebaki nyumbani. Tarehe 20 Januari 2025 waliwafunga Notre Dame 34–23 wakachukua ubingwa. Mpira hudunda, na kamati haiwezi kujua utadundia wapi.

Kuhusu viwanja, wamepatia nusu. Raundi ya kwanza ilichezwa vyuoni kwa timu zilizopangwa juu zaidi, na wenyeji wote wanne walishinda. Lakini zile timu nne za juu kabisa, zilizopumzishwa raundi hiyo, hazikucheza kwao hata mara moja. Robo fainali zilipelekwa viwanja vya miji mingine, na zote nne zikatolewa. Oregon hawakuwa wamefungwa na yeyote msimu mzima. Wakasafiri hadi California, wakapigwa 41–21 na Ohio State. Aliyefanya vizuri kuliko wote ndiye aliyenyimwa uwanja wake. Hiyo ni zawadi gani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mechi ikichezwa bloku ya mwisho kule, mama wa maandazi anapona, watoto wanaona kaka zao, na mzee asiyeweza kutembea mbali naye anashangilia. Ndugu zetu wa mashirika, tunaelewa habari ya magari na usalama. Lakini si haki mechi zote zichezwe uwanja wa karibu na ofisi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila bloku icheze, na anayeongoza kundi lake aingie bila kupigiwa kura. Kanuni zibandikwe kabla ya mechi ya kwanza. Hadi nusu fainali, mwenye pointi nyingi acheze nyumbani. Fainali tu ndiyo iende uwanja mkubwa.

Kamati haikosi kazi: itafute waamuzi, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Nani asonge mbele, tuachieni tukamalizane uwanjani.