Giza Nalo Lina Mizani

Wako wahakiki wanaoshikilia kwamba filamu isiyo na kisa wala sura ya mtu si filamu, ni mzaha wa wasanii walioshiba. Ikitajwa Arnulf Rainer, filamu aliyoitengeneza Peter Kubelka wa Austria mwaka 1960, husema kwa kejeli kwamba ndani yake hamna kitu. Madai haya yanastahili kujibiwa, na wapenzi wa ushairi ndio wenye jibu.

Ni kweli, filamu hiyo haina taswira hata moja. Imejengwa kwa vitu vinne tu: mwanga, giza, mvumo na kimya. Lakini imejengwa kwa hesabu. Ina sehemu 16, na kila sehemu ina fremu 576, yaani 24 mara 24. Na fremu 24 ndizo zipitazo mbele ya taa ya projekta kwa sekunde moja. Aliyelelewa na mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, ataiitaje tupu kazi iliyopimwa namna hii? Anayeondoa vina na mizani katika shairi akabakisha habari peke yake, amebakisha barua.

Kosa la wahakiki hao ni kudhani kuwa jicho ni dirisha, kazi yake kupitisha vilivyo nje. Jicho nalo hutenda. Mwanga na giza vinapopishana kwa kasi, watazamaji huona rangi ambazo hazimo kabisa katika ukanda. Na giza linapotanda, weupe uliotangulia hubaki machoni. Basi hicho kinachodaiwa kuwa hakimo, kimo ndani ya mboni za anayekikana.

Si kila mtu ataistahimili kazi hiyo, na mwenye kifafa hana budi kujihadhari nayo. Lakini ukali wa dawa si ushahidi kwamba chupa ni tupu.

Mwaka 2012 Kubelka aliijibu filamu yake kwa nyingine, Antiphon: palipokuwa na mwanga pakawa giza, palipokuwa na giza pakawa mwanga, mvumo ukawa kimya na kimya kikawa mvumo. Watu wa pwani, waliozoea shairi kujibiwa kwa shairi, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kitu kitupu hakijibiki.

Mwenye kutaka kisa na akitafute, visa ni vingi. Ila asiseme nyumba haina kitu, ilhali aliingia amefumba macho.